Pazia la Darasa la Makongeni

Watu wote wa Makongeni, Thika, walitangaziwa mwaka wa 1956 kwamba Serikali, kwa huruma yake, imeanzisha Idara ya Kusimamia Lugha za Majirani. Hakuna atakayefundishwa lugha ya mwenzake bila kibali. Mimi, mjane niliyesoma mpaka darasa la nne, niliunga mkono. Kusalimiana ovyo ovyo kumeharibu nchi nyingi.

Darasa letu lilikuwa nyuma ya kanisa. Sisi Wakamba tulijifunza Kikuyu, nao Wakikuyu Kikamba. Mwenye haraka alikuwa Syombua. Mwanawe alikuwa amemwoa Gathoni, Mkikuyu asiyejua Kiswahili wala Kikamba, mtoto yu karibu kuzaliwa, na mkwe na mkwe bado wanaonyeshana vidole kama mabubu.

Jumatano asubuhi akaja Bwana Mkaguzi wa Idara hiyo kulifunga darasa. Mzungu huyo alijua Kiingereza tu, kwa hiyo alikuja na karani wake, Kang'ethe, amtafsirie.

"Hilo pazia la magunia ni la nini?" akauliza Kang'ethe.

"La heshima, baba. Nyuma yake wanakaa mama wakwe. Mume wa binti akija kusoma, wasionane uso kwa uso," nikamjibu.

Mkaguzi akaandika kwamba kuna mafunzo ya siri, akaamuru pazia livutwe.

"Karani, usivute," Syombua akamwambia.

"Mama, wewe ni nani upinge Serikali?"

Akavuta. Nyuma yake alikuwa ameketi Wamboi, aliyemzaa mke wa Kang'ethe.

"Ngai, Mungu wangu!" Karani akajifunika uso kwa kofia, akaruka ua wa michongoma, akashika njia ya Ruiru. Hakutazama nyuma. Adabu anayo, tusimseme.

Mkaguzi akabaki na wanawake kumi na wawili. Alisema mengi, kisha akashika koo na kujifanya anakunywa. Tulimwonea huruma ya Kikristo, lakini sheria ni sheria. Nikamletea tangazo lake, lililoandikwa pia kwa Kiingereza, nikaweka kidole penye neno kibali.

"Hata 'maji' tusimfundishe?" akauliza Syombua.

"Hata maji."

Jua lilipofika utosini alitoa kalamu, akatuandikia kibali cha darasa zima, jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha ya wanafunzi. Tukamkaribisha mkekani.

Mjukuu wa Syombua alipozaliwa, bibi na mama yake mtoto walikuwa tayari wanagombana kwa Kikuyu safi. Mkaguzi yeye bado alikuwa kwenye neno 'maji'.