Mzinga wa Nahodha Sikio Moja

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya halmashauri imefika. Kibali cha kuongoza matembezi ya kihistoria kando ya mto kitatolewa kwa mtu mmoja tu. Mmoja! Waombaji tuko wawili: mimi, na yule mwalimu mstaafu wa historia anayewatembeza watu na daftari mkononi, akiwasomea tarehe mpaka wanaanza kuulizia njia ya kurudi. Jumamosi afisa utalii atakuja kutupima. Saa tatu anatembea na mimi, saa tano na mwalimu. Namwonea huruma mwalimu. Kidogo.

Mke wangu kaisoma barua mara mbili. Akasema hii ndiyo mara ya mwisho. Nikikosa kibali, Jumatatu ya tarehe 17 naanza kuuza masinki na vyoo vya kukalia dukani kwa kaka yake. Shemeji keshanitengea aproni. Kifuani imeandikwa "Karibu Tukuhudumie". Nimeapa sitaivaa hata kwa bahati mbaya.

Jumanne, 4 Machi

Nimejiunga na matembezi ya mwalimu ili kumpeleleza. Nilivaa miwani myeusi na kofia ya mke wangu. Mwalimu akanisalimia kwa jina pale pale, akaniuliza watoto hawajambo. Alibahatisha tu.

Matembezi yenyewe, msiba mtupu. Eti mji huu haukuwahi kuwa na haramia wa maana. Eti katika kumbukumbu za forodha yumo mmoja tu, naye alikuwa karani wa ghala aliyeiba kamba za meli kwa miaka kumi na moja, kipande kwa kipande, akawa anaziuzia meli zile zile alizoziibia. Na watu walicheka! Kwa ajili ya karani! Mimi kwenye matembezi yangu ninaye Nahodha Sikio Moja, aliyezamisha meli arobaini katika mto ambao, nakiri, maji yake yanafika kiunoni. Nilimtunga mwenyewe nikiwa naoga. Ana mvuto kuliko karani yeyote.

Kinachonipungukia ni ushahidi. Nahodha anahitaji mzinga.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mzinga! Muuza vyuma chakavu wa karibu na daraja alisema yeye hana, ila yuko bibi mmoja ng'ambo ya mto mwenye mizinga mitatu. Mitatu! Jeshi zima limejificha hapo ng'ambo na serikali haina habari. Nikampigia simu.

Bibi si mtu wa maneno mengi, lakini mambo yake anayajua. Nilimuuliza kama mzinga ni wa zamani. Akasema aliuchonga marehemu baba yake, kwa gogo zima. Sikujua kama maharamia walikuwa na mizinga ya mbao, ila sikutaka kuonekana mshamba, nikasema hiyo ndiyo mizuri. Nikauliza kama bado unafanya kazi. Akasema unafanya kazi kutwa. Je, ni mkali? Akasema mwaka jana ulimkimbiza jirani yake pamoja na ng'ombe wake, ng'ombe hajaonekana mpaka leo. Hapo moyo ulinidunda kwa furaha. Kisha akaniuliza kama nina moshi. Nikamwambia, bibi, moshi ndio hasa ninaoutaka! Na mavazi? Ninayo, nikasema: koti, kofia na kitambaa cha jicho. Akauliza, cha jicho moja tu? Nikamwambia la pili nitalihitaji kuonea njia. Akasema haya mwanangu, wewe ndiye unayejua ulivyozoea.

Ijumaa, 7 Machi

Mzinga umefika alfajiri kwa mkokoteni. Umefungwa magunia, na ncha zote mbili zimezibwa kwa matambara. Mwenye mkokoteni alisema bibi amesisitiza mambo mawili: usifunguliwe jua likiwa kali, na usigongwegongwe. Ni wazi, baruti ya zamani. Nikamshukuru kwa ushauri. Aliondoka kwa kasi kuliko alivyokuja.

Nimeuweka kwenye ngazi za gati la zamani, juu ya matofali manne, mdomo umeelekea ghala la forodha, pale pale mwalimu anaposimamaga kusoma daftari. Si kwa ubaya. Ni kwa ajili ya mwonekano. Nimeufunika kwa bendera nyeusi ambayo mpaka jana ilikuwa pazia la bafuni.

Mke wangu alikuja kutazama. Akainama, akatega sikio. Akasema humo ndani kuna kitu kinavuma. Nikamweleza kwa upole kwamba chombo chochote chenye historia huvuma, hata kombe la baharini ukiliweka sikioni. Akasema kombe halikwaruzi. Kisha akaenda zake nyumbani na pazia likabaki kwangu. Watu wa ukoo ule hawana moyo wa historia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba, haushiki kalamu.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Wageni kumi na wanne, na mbele yao afisa utalii, mama mwenye kalamu nyuma ya sikio na uso usiopenda utani. Nikawaonyesha ukuta aliponyongewa Nahodha Sikio Moja, kisha nguzo ya kufungia meli aliponyongewa tena. Afisa akauliza alinyongwa mara ngapi. Nikasema alikuwa mbishi. Akaandika kitu.

Saa nne tukafika gatini. Jua lilikuwa kali, nikamshukuru Mungu. Mwalimu alishawahi, kasimama mlangoni mwa ghala na daftari lake akisubiri zamu. Vizuri, nikasema moyoni, naye ashuhudie. Nikavuta bendera! Nikapasua magunia! Nikachomoa matambara! Nikaligonga gogo mara tatu kwa upanga wangu wa bati, nikanguruma kwamba wageni, huu hapa ndio mzinga wa maharamia!

Dada mmoja aliyesimama nyuma kabisa akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Kaka, huo si mzinga wa nyuki?"

Lugha hii! Maneno yote haya tuliyo nayo, na wazee wetu wakashindwa kutenga mawili, moja la kurusha mabomu na moja la kurina asali! Niliwaza hivyo kwa muda mfupi sana. Baada ya hapo sikuwa na nafasi ya kuwaza.

Wageni kumi na mmoja waliingia mtoni na viatu vyao. Mimi nilitangulia, kama inavyompasa kiongozi. Tulichuchumaa mpaka maji yakatufunika vichwa, na kila aliyeinuka kuvuta pumzi alilipia. Niseme ukweli, kitambaa cha jicho kilinikinga vizuri sana jicho moja. Lile la pili limefumba.

Mwalimu alimvuta afisa na wageni watatu waliobaki, akawaingiza ghalani na kufunga mlango. Walikaa humo saa mbili nzima. Kupitia dirishani nilisikia anasoma daftari, halafu nikasikia vicheko. Walikuwa wamefika kwa karani na kamba zake. Nilikuwa nimechuchumaa majini, nina nyuki kwenye nyusi, na kilichoniuma zaidi ni vile vicheko. Nilitamani kulia.

Jumapili, 9 Machi

Bibi kapiga simu kuuliza nyuki wameamkaje. Nikamwambia kwa ukali kwamba sikuagiza nyuki. Akashangaa. Akasema mzinga mtupu ataununua nani? Akauliza, kwani nilidhani ni nini? Nikamwambia. Akaiweka simu chini bila kuikata, nikamsikia akimwita jirani aje asikilize, na nikalazimika kurudia maelezo yote upya kwa jirani. Jioni bibi alikuja na moshi wake, akauchukua mzinga taratibu kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Mke wangu alinipaka dawa usoni. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nikadhani ananililia. Nikamgeukia nimfariji. Hakuwa analia.

Nimemwandikia afisa barua ya kurasa nne. Nimemkumbusha kwamba, kati ya matembezi yote ya kando ya mto, ni yangu peke yake yaliyofika mtoni.

Alhamisi, 13 Machi

Kibali kapewa mwalimu. Barua ina mistari mitatu. Wa pili unataja zahanati.

Mchana mwalimu mwenyewe akabisha hodi. Alikuja kunipa pole, mnafiki mkubwa, na uso wake umejaa huruma ya kweli kabisa. Akasema nina sauti na nina vituko, na watu wanavipenda. Akaniomba tufanye kazi pamoja: yeye asimulie, mimi nivae kanzu ya karani na kuiba kamba mbele ya wageni. Kila Jumamosi na Jumapili, kwa malipo nusu kwa nusu.

Mimi! Nahodha wa meli arobaini, nishushwe cheo niwe karani! Nikamjibu kwa heshima zote kwamba sina nafasi, nina shughuli nyingine kubwa zaidi. Akasema basi, mwanangu, ukibadili mawazo mlango uko wazi. Akaaga.

Mke wangu alisikia yote akiwa jikoni. Hakugomba. Alitoka na aproni, akaitandika kwenye kiti, akaanza kuipiga pasi. Iliniuma kuliko kama angegomba.

Jumatatu, 17 Machi

Aproni inanibana kwapani. Shemeji kanipa sharti moja tu: nieleze kitu kilivyo, nisiongeze neno. Nilivumilia mpaka saa nne.

Akaja mama mmoja anatafuta sinki. Lililokuwepo lina ufa. Kuliita lina ufa ni kulidhalilisha. Nikamwambia ile ni alama ya risasi, kwamba sinki lilitolewa kwenye chumba cha nahodha mmoja hatari. Akauliza nahodha yupi. Basi nikamsimulia yote, mpaka alivyonyongwa mara ya tatu. Alinisikiliza mdomo wazi, bila hata kutazama bei.

Hakulichukua leo. Atarudi kesho na baba yake aje alikague. Anasema mzee anaijua historia ya mto huu nje ndani, kaifundisha maisha yake yote, na wala haachani na daftari. Nimemwambia amlete bila wasiwasi. Watu kama huyo ndio wangepewa kibali, siyo yule mwingine.