Malalamiko Kuhusu Joto Mlilotuletea

Stamen Bozhkov,
Ghorofa ya chini, nyumba ya mwisho kabla ya msitu,
Kijiji cha Stari Bukak.
Januari 19

Mheshimiwa Meya,

YAH: KURUDISHIWA JIKO LA KUNI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi, maana si fupi. Mimi ni mstaafu wa reli, umri wangu miaka sabini na mmoja, mgane. Sijawahi kuiandikia serikali kulalamika, hata mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji tukakaa miezi mitano tukizunguka mlima kwenda kununua mkate. Lakini safari hii nimeshindwa kuvumilia.

Juni iliyopita ofisi yako ilimtuma Bi. Ralitsa wa idara ya mazingira. Ni binti mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na sina neno naye. Alisema moshi wa kuni unaharibu hewa ya bonde letu, na kwamba tukikubali kutoa jiko la zamani tutapewa bure mashine mbili za umeme za kupasha joto, moja chini, moja juu.

"Mzee, utapata joto bila moshi na bila kutokwa jasho," aliniambia.

"Na huyo wa juu?"

"Naye atapata lake."

"Lake peke yake?"

"Ndiyo, mzee. Kila mtu na rimoti yake."

Niliona ni jambo zuri, nikatia sahihi. Huyo wa juu naye alitia yake kwenye karatasi nyingine, chumba kingine. Oktoba vijana wako wakaja, wakabeba jiko, wakatundika mashine ukutani, wakala tikiti, wakaondoka.

Naomba nieleze nyumba yetu ilivyo, ili usije ukadhani nalalamika ovyo. Aliijenga baba. Chini nakaa mimi. Juu anakaa Haralan, ambaye katika barua hii nitamwita mkazi wa juu, kwa kuwa hatusemeshani. Baba aliweka jiko moja tu, chini, na bomba la moshi likapanda katikati ya chumba cha juu kabla ya kutokea kwenye paa. Kwa hiyo jiko lilikuwa langu, lakini mkazi wa juu aliota moto kwa bomba hilo. Nikiwasha, anapata joto. Nikigoma, anaganda.

Hatusemeshani mwaka wa tisa huu. Siku mama alipofariki mimi nilikuwa msituni nikileta kuni. Wiki ile baridi ilikuwa ya kupasua mawe, na mama mwenyewe ndiye aliyenituma. Alisema, "Stamen, nenda kaongeze kuni. Haralan anatetemeka huko juu na hasemi." Niliporudi alikuwa ameshakata roho. Siku ya arobaini, mbele ya kasisi na majirani wote, mkazi wa juu aliweka kijiko mezani akasema, "Wapo watu hapa ambao kuni kwao zilikuwa na maana kuliko mama." Hajaniuliza nani alinituma, nami sijamwambia. Haya nayaandika kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi tu.

Sasa naingia kwenye malalamiko yenyewe.

1. Kunyang'anywa mazungumzo. Kila Agosti tulikuwa tunakata kuni za majira ya baridi, mita kumi na nne za ujazo, mwaloni karibu wote. Kijijini wapo wenye misumeno ya injini, lakini msumeno wa injini hushikwa na mtu mmoja, na hatukuweza kukubaliana huyo mtu awe nani. Tukabaki na ule wa baba, wa watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, gogo katikati. Msumeno ule hausukumwi, Mheshimiwa. Unavuta, kisha unamwachia mwenzako avute. Ukisukuma unajikunja na kukwama. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kimyakimya, hata baina ya maadui. Nanukuu ya mwaka juzi:

"Unasukuma."

"Sisukumi."

"Unasukuma, ndiyo maana umekwama."

"Umekwama kwa sababu umezeeka."

"Nani, mimi au msumeno?"

"Chagua mwenyewe."

Kukata tu kulichukua siku kumi na moja. Kupasua kwa shoka na kupanga ukutani, siku tisa nyingine, ingawa wakati wa kupanga alikuwa akinisema zaidi kuliko kusema nami, kwamba napanga kama mtu aliyefumba macho. Jumla ni siku ishirini kwa mwaka. Agosti iliyopita tulikuwa tumeshatia sahihi karatasi za Bi. Ralitsa, hapakuwa na kuni za kukata. Nilikaa uani nikinoa meno ya msumeno. Mkazi wa juu alikuwa dirishani. Hakuna aliyesema kitu.

2. Kukatika kwa mawasiliano. Mkazi wa juu ana fimbo, kwa sababu ya nyonga. Alikuwa akigonga sakafu yake, ambayo ni dari yangu. Pigo moja: ongeza kuni. Mawili: moshi umezidi, bomba lina masizi. Matatu: harufu ya maharage imefika. Hapo nilikuwa napakua bakuli na kuliweka ngazi ya nne, si kwa wema, bali kwa sababu sufuria ya mama ni ya watu sita na chakula hakitupwi. Bakuli lilirudi ngazi ya nne limeoshwa, mara nyingine likiwa na pilipili za siki au kichupa cha rakia, pombe kali anayoipika mwenyewe kwa matunda ya bustanini. Hatukusemeshana na hakuna aliyelegeza msimamo. Tangu Oktoba dari yangu haijagongwa hata mara moja. Mashine inajua yenyewe lini iongeze.

3. Maharage. Kwenye jiko la kuni yaliiva kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kwenye jiko dogo la umeme nililolazimika kununua yanaiva kwa saa moja na nusu. Sina zaidi.

4. Kupoteza haki ya kukomoa. Kila raia ana njia yake ya kumwonyesha jirani kwamba amekosewa. Yangu ilikuwa msonobari mbichi. Mkazi wa juu akinikera, kwa mfano akiacha redio ya mpira ikipiga kelele wakati wa ibada, nilikuwa natia vipande viwili vya msonobari wenye utomvu, na moshi ulijipenyeza kwenye viungo vya bomba huko kwake. Alifungua dirisha katikati ya Januari na kuuliza bonde zima, "Huyu wa chini anafukiza nyuki?" Nikajua ujumbe umefika. Leo nimfanyie nini mtu mwenye rimoti yake mfukoni?

5. Kutojua. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Zamani ningejua hali ya mkazi wa juu bila kutoka kitini: fimbo, mguu unaoburutwa, kikohozi kikishuka pamoja na bomba. Mliziba tundu la bomba kwa saruji, kazi safi sana, hakipiti hata kikohozi. Sasa nikitaka kujua, inanibidi nitoke uani na kutazama feni ya mashine yake, ile iliyofungwa ukutani kwa nje. Ikizunguka, yupo. Nafanya hivyo asubuhi, adhuhuri na jioni, na jirani mmoja ameshaniuliza kama nimeajiriwa na kampuni ya umeme.

Wiki iliyopita, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, feni haikuzunguka Jumanne. Jumatano haikuzunguka. Nilipanda ngazi zake za nje. Sikupanda kwa ajili ya mtu yeyote, nilitaka kuona kama zinahitaji kuondolewa theluji. Nilifika ngazi ya tisa. Nilisimama pale nikiwa na koleo mkononi, sijui kwa muda gani, nikifikiria namna mtu anavyofungua mlango ambao hajaufungua miaka tisa, na atakachokikuta ndani. Kisha nikasikia redio ya mpira, na kikohozi, na sauti ikimwambia mchezaji kwamba hata bibi yake angefunga bao lile. Nikashuka. Nilipokuwa nashuka niliondoa theluji, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nilipanda bure.

Baadaye nilisikia dukani kwamba alikuwa ameizima makusudi, eti inamvumia sikioni kama nyuki. Siku mbili alikaa na makoti matatu. Mtu wa miaka sabini na minne.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako ichague moja kati ya haya:

(a) Mturudishie jiko letu. Ni la chuma, mlango wake umepinda chini kushoto, ulipinda siku mkazi wa juu alipoupiga teke akiwa na miaka kumi na mimi nikachapwa kwa niaba yake.

(b) Kama limeshayeyushwa, ofisi iajiri mtumishi wa kudumu, mwanamume, umri usiopungua miaka sabini, mbishi, mwenye fimbo, aje chini kwangu mara tatu kwa siku kugonga dari na kuondoka bila kuniamkia. Uzoefu wa kuvuta msumeno utakuwa sifa ya nyongeza.

(c) Kama hakuna fungu la mishahara, basi mabadiliko madogo ya kiufundi: rimoti ya mkazi wa juu nikae nayo mimi, na yangu akae nayo yeye. Nimelifikiria sana hili. Nitakapotetemeka nitamgongea dari, naye atakapotetemeka atagonga sakafu. Hewa ya bonde haitachafuka na utaratibu wa nyumba utakuwa umerudi.

Nasisitiza kwamba ombi hili ni la kitaalamu. Nimesikia kuna watu kijijini wanaosema nimemkumbuka mtu. Sijamkumbuka mtu. Nimekumbuka jiko.

Nisalimie wote ofisini, walinzi wa getini, yule mama wa mihuri aliyenikopesha miwani, na hasa Bi. Ralitsa, mwambie soksi alizosahau kwangu nimezifua na ziko salama.

Wako katika ujenzi wa wilaya,
Stamen Bozhkov

N.B. Mheshimiwa, naomba barua hii uichane. Tsonka wa posta alipokuja kuichukua asubuhi hii aliitazama bahasha akacheka. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Baba Stamen, leo kutoka nyumba hii nina mbili, zote kwa Meya. Ya juu nimeichukua sasa hivi. Amenisomea mwenyewe. Anataka jiko lirudishwe, anasema tangu liondoke hajui kama aliye chini anakula."

Sikubali, Mheshimiwa, kuonekana serikalini nimekaa upande mmoja na mtu yule. Nilimwomba Tsonka arudishe bahasha yangu, nikapanda ngazi zote kumi na tatu, nikafungua mlango nikamwambia aifute ya kwake kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza. Akasema yeye ndiye aliyeanza, yake ina tarehe ya jana. Nikamwambia jiko lilikuwa langu. Akasema bomba lilikuwa lake. Alishuka na fimbo yake kuja kunionyesha mahali bomba lilipopita, akakaa kwenye kiti cha mama bila kukaribishwa, na hapo akaniuliza ile siku nilikwenda msituni kufuata nini. Nikamjibu. Akafunua sufuria, akaonja, akasema maharage yangu hayana chumvi.

Kwa hiyo acheni mashine zikae zilipo, jiko msilirudishe, na mtumishi msimwajiri. Kaka yangu amepitiwa na usingizi kitini mbele yangu ninapoandika haya. Tumebishana tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa hii, na sasa hivi, nilipoinuka kutafuta blanketi la kumfunika, ndipo nilipoona kwamba leo sikuwasha mashine kabisa.