Servo ya Meno ya Chuma Ilivyonivua Kikwembe

Leo haya imenikamata, na mpaka sasa haijaniachia. Nawaelezea mwenyewe hapa mu groupe yetu ya telefone, kabla Pascal hajawaelezea kwa namna yake.

Wenye hamumujui Papa yangu: alikuwa chofere wa lori, barabara ya Kamituga, miaka mingi. Matope, mashimo, yeye anapita tu. Kisha ugonjwa ukachukua nguvu ya muguu wake, akaacha usukani. Kaka yangu akamuletea kigari cha telekomande, kile cha kupanda mawe. Papa akajipangia milima ya mawe na matofali mu parseli, kiwanja cha nyumba yetu hapa Muhumba, Bukavu, na kila asubui anakaa pa kiti, anaendesha. Anaongea nacho kabisa! "Polepole, muzee, mbele kuna shimo."

Juzi kikakataa kukata kona. Servo ilikufa, ile moteri ndogo yenye kugeuza magurudumu ya mbele. Meno yake ya plastiki yote yaliisha. Papa alikifunika na kitambaa kama mugonjwa, basi.

Sasa leo wazazi wa Pascal, muchumba wangu, walikuwa wanatoka Minova kuja kutuona mara ya kwanza. Asubui Papa akaniuliza: "Watanikuta niko nafanya nini? Nimekaa tu?"

Ile neno ikaniingia. Nikapanda pikipiki mbio mpaka kwa muuzaji wa vyombo vya elektroniki. Akaweka servo mbili pa meza.

"Hii ya plastiki ni ya kuchezea ndani mu salo, pa sakafu laini. Gurudumu likibanwa pa jiwe, meno inaisha. Hii ingine meno ni ya chuma, na imefungwa vizuri, maji haiingie. Ikishika, imeshika."

"Mvua yetu itaiweza?"

"Mvua ya Bukavu, dada, hata paa zetu haziiwezi. Lakini hii inajikaza."

Nikachukua ya chuma. (Pascal mwenyewe sikumuchagua na akili nyingi vile.)

"Uijaribu kwanza," muuzaji akaniambia. "Zingine zinageuka kinyume. Unasukuma tu kitufe kimoja pa telekomande, inarudi sawa."

"Ndiyo, ndiyo!" Nilijibu nikiwa tayari juu ya pikipiki.

Nafika nyumbani, nakaza visi ya mwisho ya servo na bisibisi, wageni hao pa mulango! Kujaribu saa ngapi? Nikafunga kikwembe changu kipya, kitenge cha kiunoni, mbio mbio juu ya kaptula ya kaka yangu, ile ya kufanyia kazi. (Muikumbuke hii kaptula. Nyuma imeandikwa CHAMPION, herufi kubwa.)

Wageni na Pascal wakakaa inje na Papa. Nikamunongonezea: "Iko tayari." Akashika telekomande na mikono miwili, akanyoosha mugongo. Ile uso! Hapo nilisikia raha kama mutu ameshapita examen ya shule.

"Muangalie," akawaambia.

Kigari kikapanda jiwe la kwanza. Kikapanda la pili. Baba ya Pascal akapiga makofi, na Papa akavimba kichwa. Ni pale nilitokea na sahani kubwa ya sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa, natembea polepole, bibi arusi wa kesho. Papa akataka kukata kushoto, kigari kinipishe.

Kikaenda kulia. Na kulia ni mimi!

"Papa, kata!"

"Niko nakata!"

Kadiri anakata, ndivyo kinanifuata. Papa akachanganyikiwa, akaongeza mafuta kama yuko mu lori. Gurudumu likameza upindo wa kikwembe, likaanza kuuzungusha. Servo ya plastiki ingekuwa imeshavunjika pale. Yangu? Chuma! Haikulegea hata kidogo.

Mikono yangu yote miwili iko pa sahani. Niache sambaza za wakwe, ao niache kikwembe? Nikachagua sambaza. Kikwembe kikateremuka, kikaenda zake mu parseli nyuma ya kigari, na mimi nikabaki nimesimama. Nikageuka nikimbie. (Kosa! Wote wakasoma.)

Wageni wakageuza macho. Hata Pascal aliangalia mbingu.

Kisha nikasikia sauti moja. Papa alikuwa anacheka! Anacheka mpaka telekomande inamutoka mu mikono, mpaka anajifuta machozi na shati. Tangu alipougua sikuwa nimesikia ile kicheko. Nikasimama pale na sambaza zangu, sijui nilie ao nicheke naye.

Mama ya Pascal akainuka. Alikuwa amevaa vikwembe viwili, akafungua cha juu, akanifunga yeye mwenyewe kiunoni, akakaza fundo. Kisha akapokea sahani.

"Mutoto wangu," akasema polepole, "usiku sikulala. Nilikuwa najiuliza nitaongea nini mbele ya watu wa Bukavu. Sasa woga imeisha."

"Na mimi pia, maman," nikamujibu. Nikalia kidogo. (Kidogo tu.)

Pembeni, baba ya Pascal alikuwa amepiga magoti pa udongo, anachomoa kikwembe mu gurudumu. "Papa, hii kitu iko na nguvu! Nani aliichagua?"

"Ni binti yangu," Papa akajibu, kifua mbele. Mimi nikasukuma kile kitufe, kushoto ikawa kushoto. Wale wazee wawili wakaendesha kwa zamu mpaka sambaza zikapoa zote, na hakuna mutu aliongelea mambo ya ndoa hata kidogo.

Basi, naomba musicheke. Ao mucheke, lakini musiandike kitu hapa chini: maman mukwe ameomba kuingia mu hii groupe, na Pascal ameshamukubalia.