Vita vya Mchi wa Koulsoum

Hapana, mjukuu wangu, si vita vya bunduki hivyo, ni vikubwa zaidi: ni vile vya mchi. Sogeeni basi, enyi mlioshiba nanyi wenye njaa, msikie jinsi Ibouroi wa kisiwa cha Nosy Be, simba wa kukereza vyuma katika kiwanda cha sukari, alivyopambana na gogo hapa Ampisikina, mwaka wa sabini na nane, harusi yake ingali mbichi.

Asubuhi ya Ijumaa mchi wa mama mkwe wake, Koulsoum, ulikatika ndani ya kinu cha majani ya muhogo. Aazime kwa jirani Rahamatou? Thubutu. Mtaa mzima ungesema amemwoza binti kwa mkereza asiyekereza.

"Tulia, mama," akanena shujaa, kifua mbele. "Mkono huu umekereza mihimili ya mitambo na parafujo zake, kwa kerezo la umeme linalozungusha chuma na kukimenya kama chungwa. Mchi ni nini?"

"Ni chakula cha mchana," akajibu Koulsoum.

Sasa lile la chuma lilibaki Nosy Be. Hapa uani palikuwa na kerezo la kamba la marehemu baba mkwe, la michi na miguu ya vitanda. Ukikanyaga kibao, kamba inalivuta gogo lizunguke kuja kwako; ukiachia, linarudi lilikotoka. Ibouroi, aliyezoea mashine izungukayo upande mmoja mpaka umeme ukatike, akagandamiza patasi asiinue. Gogo likarudi, likainyakua, ikaruka kama mkuki wa adui hadi katika beseni la majani.

Koulsoum akaichomoa, akaifuta kwa leso. "Leo hatukutia nyama," akasema, akaendelea kutwanga kwa kipande cha mchi kilichobaki.

Twa, kimya. Twa, kimya. Mkwe akasikiliza ile ngoma ya vita. Kipande kikishuka, akakanyaga na kukata. Kikipanda, akainua patasi. Vibanzi vikaruka kama nzige, jua likapita utosini, na mchi ukazaliwa.

"Umekonda kiuno," akasema Koulsoum akiugeuzageuza. Akautwangia.

Akamwita Rahamatou aje ale, ili auone. Wakaketi mkekani, wali na yale majani katikati. Koulsoum akatafuna, akatoa kinywani kibanzi cha mti, akakiweka ukingoni mwa sinia, mbele ya jirani, taratibu, kama mtu anayeweka dhahabu.

"Mkwe wangu," akasema, "anakereza."

Nao wote wakala.