Kanzu Nyeupe ya Kwenda Kuposa

Jumatatu, 4 Novemba
Nimechaguliwa! Ijumaa mimi ndiye msemaji wa ukoo, tunakwenda kumposea mpwa wangu Laith. Binamu yangu Sattam, aliyeutaka usemaji tangu kiangazi, amenuna mpaka mdomo umefika kidevuni. Tatizo moja: kanzu yangu nyeupe ina doa la mchuzi wa mtindi kifuani. Mke wangu Khitam yuko Irbid, binti yetu amejifungua. Kwa simu akaniambia nimpelekee jirani, Umm Raafat. Sitaki! Nitafua mwenyewe. Kufua nayo kazi?

Jumanne, 5 Novemba
Kazi. Maji ya bomba letu yamejaa chokaa. Nusu mche wa sabuni umekwisha, povu hakuna, ni utando tu kama maziwa yaliyokatika. Kanzu imetoka ya kijivu. Doa lipo, tena limenawiri. Nikachungulia ukutani: Umm Raafat anafua kwa maji ya mvua ya kisima chake. Povu mpaka viwikoni! Shuka zake zinaumiza macho.

Jumatano, 6 Novemba
Mbinu! Nikamwambia Umm Raafat nasikia kisima chake kinanuka, nimejitolea kuyapima maji. Ndoo mbili zinatosha. Akanitazama weee.
“Abu Ghaleb, si ulikuwa karani wa posta wewe? Maji umeanza kupima lini?”
Akanijazia hata hivyo. Akaongeza kwamba doa la mtindi huanzwa kwa maji baridi, ya moto hulipika humo humo kwenye kitambaa. Nikasema doa gani, mimi sina doa. Akasema linaonekana kutoka kwake.

Alhamisi, 7 Novemba
Baridi! Uchafu gani umewahi kuogopa baridi? Nimechemsha ndoo zote mbili. Maji mazuri hayatupwi, nikatumbukiza na kilemba changu chekundu, kipya. Povu la ajabu! Nikaimba.
Kanzu imekuwa ya waridi. Doa limebaki, la manjano.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimevaa joho juu, nimelifunga mpaka kooni. Nyumba ya watu ina jiko la mafuta kila pembe. Jasho! Baba wa binti akaona naumia, akaja kunivua joho kwa mikono yake mwenyewe. Heshima ya mgeni.
Kisha Sattam: “Jamani, huyu ni msemaji wetu au ndiye bibi harusi?”
Wazee sitini wakacheka. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Sattam akasimama, akaposa vizuri, mwovu yule. Wamekubali. Laith alinibusu bega, lakini alikuwa bado anacheka.

Jumamosi, 9 Novemba
Khitam amerudi. Nimemweleza kuwa sabuni za siku hizi ni bandia. Akaniomba, kwa upole unaotisha, nisiguse tena beseni, kisha akaenda kwa Umm Raafat. Kicheko chao kinavuka ukuta.
Sweta yake ya sufu imeingia vumbi la safari. Maskini. Atafurahi akiikuta safi. Maji yameanza kutokota.