Shubiri Naijua Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Kinywa kinawaka. Michirizi myeupe imetanda ndani ya mashavu, hata chai ya uvuguvugu inanitoa machozi. Daktari wa meno anasema ni ugonjwa sugu, hauambukizi, na kliniki inalinganisha dawa mbili: jeli ya shubiri na malhamu ya steroidi. Kila mgonjwa tyubu moja, isiyo na jina. Hata yeye hajui ipi ni ipi! Mimi nataka steroidi. Jumamosi shemeji yangu anaoa, mshereheshaji ni mimi, na Kasuku, binamu wa mke wangu, anaimezea mate maikrofoni yangu.

Jioni nikapaka. Chungu! Shubiri naijua mimi. Utotoni mama alinipaka kidoleni niache kunyonya. Nimepigwa changa la macho.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yetu Bi Mwalimu, mstaafu, anatibiwa kliniki hiyohiyo. Tyubu yake tamu, inanukia mnanaa. Steroidi hiyo! Nikamwambia kwamba daktari ameagiza tubadilishane. Akakubali upesi mno, eti yake inamtia kichefuchefu. Masikini, hajui alichotoa. Nimecheka njia nzima, ingawa kucheka kunauma.

Alhamisi, 6 Machi
Moto! Nakunywa uji kwa mrija. Bi Mwalimu yuko kibarazani anakula chungwa. Tena ananipungia mkono! Kasuku kaja kunijulia hali. Kanitazama mdomo tu, kisha akaanza kusafisha koo. Mnafiki.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Mwalimu kaenda kumshukuru daktari kwa agizo lake! Nikaitwa. Nikaoshwa kwa maneno nikaosheka. Kisha daktari akafunguliwa orodha ya siri: kumbe tyubu chungu ndiyo steroidi. Ile tamu ni shubiri iliyoondolewa uchungu. Nikauliza, basi steroidi ndiyo bora? Akasema vinywa viwili havithibitishi kitu, na hivi vyetu nimeviharibia hesabu. Tumetolewa sote kwenye utafiti. Kanipa steroidi ya kiwanda kingine, safari hii waziwazi, na onyo: ladha haitambulishi dawa.

Jumamosi, 8 Machi
Kasuku kashika maikrofoni. Ukumbi mzima ulicheka, mke wangu hadi akafuta machozi. Mimi nimeelekeza magari, kwa ishara. Imeniuma kuliko mdomo.

Jumapili, 9 Machi
Nimefungua tyubu mpya. Imeandikwa STEROIDI, herufi kubwa. Nikaonja. Tamu!

Lebo inaweza kudanganya, ulimi wangu hapana. Daktari ananikomoa kwa shubiri! Bi Mwalimu naye kapewa mpya. Nimemchungulia dirishani akipaka, uso kaukunja.

Kesho asubuhi nampigia hodi.