Paa Langu Halitanishinda

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mikwaruzo mitatu! Nyuma ya viti, pale paa la turubai linapolala likikunjwa. Gari la mwaka 1968, rangi ya maziwa, la pekee la kufunguka paa mji wote wa Kitui. Na Jumamosi ndilo litakalombeba Nasreen, binti wa dada yangu, kutoka kwao Tulia hadi ukumbi wa harusi hapa mjini. Nimeahidi mbele ya ukoo mzima.

Nimempelekea Nzilani, fundi wa kushona viti vya magari. Akapitisha kidole kwenye pindo la turubai, akanionyesha vumbi jekundu. Alisema huo ndio msasa wenyewe: gari likitikisika, paa linasugua rangi. Dawa yake ni kuosha turubai, kushonea flana laini chini ya pindo, na kupangusa rangi kila mara kabla ya kukunja. Basi! Maji na kitambaa! Mimi, niliyefundisha nusu ya mji huu kuendesha gari, nipewe ushauri wa kupangusa meza. Nikamwambia nina njia ya kitaalamu. Akauliza ni ipi. Nikamwambia ataiona.

Bado sina.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeipata. Ngozi ya kondoo! Nimeichukua kwa Kusow, anayeleta mifugo kutoka Tseikuru. Alinionya kwamba haijakauka vizuri. Nikamwambia siivai. Nimeitandaza juu ya rangi, manyoya chini, paa juu yake. Mke wangu Fahima alitoka, akanusa, akarudi ndani. Wivu.

Jirani yangu Mutiso alipita na gari lake, Probox. Ameiosha mara mbili leo. Amemwambia dada yangu kwamba yuko tayari kumbeba bibi harusi "ikitokea lolote". Lolote gani? Akaniuliza nimechinja nini.

Jumatano, 5 Novemba
Mbwa. Wanne, labda watano. Mchana kweupe, mimi nikinywa chai, wao juu ya buti wakivuta ngozi kila mmoja upande wake. Mikwaruzo nimeacha kuhesabu ilipofika thelathini na moja.

Nzilani alikuja, akaangalia, akasema taratibu, "Mzee Haroun, hata sasa maji na flana vitasaidia." Upole wa namna hiyo ni matusi. Fahima anasema nimsikilize. Hata nyumbani kwangu nimezingirwa!

Alhamisi, 6 Novemba
Nani anakwaruza? Paa. Basi paa liondoke! Spana mbili, saa tatu za kazi, vidole viwili vimechubuka. Sasa liko uani, limeegemea tangi la maji. Fundi wa rangi ameziba mikwaruzo. Ukisimama mbali kidogo huoni kitu.

Mutiso akauliza, na mvua je? Akanikumbusha kwamba ni Novemba. Najua ni Novemba! Nimeiandika hapo juu.

Jumamosi, 8 Novemba
Jua tupu asubuhi. Nilienda hadi Tulia nikiwapungia watu wote. Nasreen alitoka kwa vigelegele, shela nyeupe, hina hadi viwikoni. Akaniambia, "Mjomba, gari limependeza." Machozi yalinilengalenga.

Nusu ya njia, tone. Nikamwambia ni umande. Ilikuwa saa tano. Kisha mbingu ikafunguka. Nikaongeza mwendo, nikimweleza kisayansi kwamba ukikimbia mvua inapita juu ya kichwa. Haikupita. Wanja ukamshuka hadi kidevuni. Viti vikawa beseni. Hakulia, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Mjomba, simama."

Nyuma yetu, Mutiso, taa zimewaka. Akashuka na mwavuli! Mtu gani hubeba mwavuli asubuhi ya jua? Nasreen akapanda Probox. Kabla mlango haujafungwa alinishika mkono, akasema nisikawie, hataanza bila mimi.

Kweli hakuanza. Niliingia ukumbini viatu vikilia kwacha kwacha, nikamkuta amewangojesha watu wote, hata shehe. Nilikaa mstari wa mbele, maji yakinichuruzika. Dada yangu hakunisemesha. Nilimweleza kwamba mvua ile haikuwa ya kawaida.

Mutiso alikula sahani tatu za pilau. Nilimwona.

Jumatatu, 10 Novemba
Nzilani amerudisha paa. Fahima ndiye aliyemwita, bila kuniuliza. Ameliosha, ameshona flana, amepangusa rangi. Tukaenda wote watatu hadi Makueni na kurudi, paa limekunjwa, njia ya mashimo. Hakuna mkwaruzo mpya hata mmoja. Nimekagua kwa miwani.

Nzilani akanitazama, akingoja niseme kitu. Nikasema ni kama nilivyotabiri: paa lilihitaji tu kupumzika siku kadhaa nje ya gari. Akakusanya vitambaa vyake, akaenda zake. Fahima akaniambia kazi ni kupangusa tu, kila safari.

Kila safari! Nani? Mimi? Sitakuwa mtumwa wa kitambaa, katika gari langu mwenyewe!

Nimepima kwa kamba. Bati moja na nusu linatosha. Halikunjwi, halisugui chochote, na mvua ya Tulia ije tuonane. Fundi wa kuchomelea anafika kesho saa mbili.